Kaimu wa Nyasi

Dada yangu ndiye aliyekuwa akiamua, kila asubuhi, matajiri wa klabu ile watembee kuelekea wapi. Wao hawakulijua hilo. Walidhani shimo la gofu limekuwepo pale tangu dunia iumbwe, kama kitovu cha mtu. Lakini shimo huhama. Likikaa sehemu moja siku tatu, nyasi za pembeni yake hukanyagwa mpaka zinakuwa kama mkeka uliochakaa, kwa hiyo lazima kila alfajiri mtu aende na chuma chake, atoboe jipya, azibe la jana, asogeze bendera. Mtu huyo alikuwa dada. Wenzetu wakamwita Mama Bendera, na jina likamkaa kiasi kwamba hata mimi, niliyenyonya ziwa lile lile baada yake, nilikuwa nikijisahau namwita hivyo nyumbani.

Mimi nilikuwa mhudumu wa ukumbi wa chakula, na zamu yangu ilianza saa moja asubuhi. Tulikuwa tukitoka nyumbani pamoja giza likianza kupauka, kwa hiyo nilipata muda wa kumtazama kabla sijavaa koti jeupe. Saa hizo uwanja wote huwa mweupe kwa umande, na miti ya pembeni inaonekana kama imechorwa na mtu aliyeishiwa wino. Dada alikuwa akivua viatu vyake vya mpira, anakanyaga zulia. Zulia ndivyo tulivyoiita ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo. Alishika upondo mrefu, mwembamba kama sharubu za kambale, akaupunga kushoto na kulia, umande ukaruka, na nyuma yake ukabaki mstari wa kijani kama njia ya kichana. Kisha alisimama tu. Nyayo zake zilikuwa zinauliza. Hapa mmechoka? Hapa mmekunywa maji ya kutosha? Alipopata jibu alipiga magoti, akaweka chuma chake, mfano wa kopo refu lisilo na kitako, akakizungusha taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba walimolala watoto. Donge la udongo likatoka na kofia yake ya nyasi. Akalipeleka kwenye shimo la jana, akalishindilia kwa kiganja, na baada ya dakika mbili hata ungemwapisha mtu asingekuonyesha shimo la jana lilikuwa wapi.

Muda ule nilisahau kukasirika. Na mimi ni mtu wa kukasirika, sioni sababu ya kuficha. Nilijifunza kusoma kwa magazeti ambayo wanachama waliyaacha mezani yakiwa na makombo ya mkate, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukumbuka. Nakumbuka baba yetu alisukuma mashine ya kukata nyasi zile zile kwa miaka thelathini na mmoja, na siku ya kumuaga wakampa saa ya ukutani, wakamwambia apitie mlango wa jikoni kwa sababu viatu vyake vina udongo. Udongo wao wenyewe! Nakumbuka aliyemwambia, na nakumbuka rangi ya tai yake. Jikoni waliniita Wakili. Hawakuwa wananisifu, walikuwa wananitania. Niliitikia hivyo hivyo.

Mkuu wa viwanja alipostaafu, dada alipewa barua ya mistari miwili. Ilisema atakaimu nafasi hiyo mpaka apatikane mtu anayefaa. Sawa. Mwaka wa kwanza alifurahi, akanunua daftari jipya. Mwaka wa tatu aliacha kuulizia. Ulipofika mwaka wa tisa, neno kaimu lilikuwa limemganda kama gundi: kwenye orodha ya zamu kaimu, kwenye kitambulisho cha shingoni kaimu, na alipofiwa na mumewe klabu ilileta kadi ya pole iliyoandikwa "Kwa Kaimu na familia". Miaka tisa walimtafuta mtu anayefaa, huku anawapita kila asubuhi na toroli.

Sasa, klabu ilikuwa na Kapteni. Hakuwa askari wala baharia. Ni mwanachama aliyechaguliwa na wenzake kusimamia mambo ya mchezo, mtu wa tumbo la kuheshimika na sauti ya kumlaza mtoto. Kila jioni alikaa meza ya dirishani, mimi namletea kalamu, anachukua karatasi yenye maduara kumi na nane na kuchora nukta moja katika kila duara. Nukta ndiyo amri: kesho shimo liwe hapa. Anapiga sahihi kubwa, ananipa nimpelekee dada. Dada aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa aproni, na asubuhi akatoboa pale nyasi zenyewe zilipotaka. Hakuna aliyewahi kugundua. Kapteni alikuwa akifika kwenye zulia anatikisa kichwa kwa kuridhika, anawaambia wenzake, "Mnaona? Leo nimeliweka mahali pazuri sana." Nilimwomba dada amuumbue mbele za watu.

"Mwache acheze," akaniambia. "Mchoro haumuumi mtu."

Yalipofika mashindano ya ubingwa wa klabu, Kapteni mwenyewe aliingia fainali. Jioni ya kuamkia siku hiyo alimwita dada kwenye ngazi za veranda. Mimi nilikuwa nakusanya glasi.

"Mama Bendera, umekaimu muda mrefu," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Kesho wageni watajaa. Wakuu wa klabu nyingine wanakuja. Uwanja ukiwa safi, bila dosari, jioni yake Katibu atakuandikia barua. Ile barua yenyewe. Si ya kukaimu."

Niliacha kukusanya glasi.

"Bila dosari, bwana," dada akasema.

"Hata moja."

Usiku ule tulirudi nyumbani pamoja. Tulipokaribia mlango ndipo aliponiuliza, "Hivi sahihi yangu unaionaje?"

"Ya kawaida."

"Ndiyo ninachosema. Mkuu wa Viwanja mzima anaandika jina kama anajiandikisha darasa la kwanza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameuliza kweli.

Asubuhi ya fainali ukungu ulishuka mpaka magotini. Nilimwacha dada kwenye zulia la mwisho, la kumi na nane, lile linalotazamana na veranda, nikakimbilia jikoni kwa sababu wageni walikuwa wameagiza kifungua kinywa cha mapema. Nilipogeuka nilimwona kwa mbali, nusu mtu nusu ukungu, amebeba donge la udongo kama mtu anayepeleka mkate kwa jirani. Alikuwa anatabasamu peke yake. Nikasema moyoni, leo Mungu kampa.

Siku hiyo walicheza wawili tu, Kapteni na Daktari wa Meno, na watu wakawafuata kwa minong'ono kama wanaosindikiza bibi harusi. Saa tano walifika zulia la mwisho wakiwa sare. Kapteni alikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwenye bendera. Aliinama, akaguna, akapiga. Mpira ukaanza safari. Nimeuona mpira ule mara nyingi usingizini: mweupe, hauna haraka, unapanda kidogo, unashuka kidogo, unapinda kama umeitwa jina. Kisha ukatoweka.

Ulitoweka hatua nne kabla ya bendera.

Mpira ukiingia shimoni hulia, kwa sababu ndani mna kikombe cha chuma. Ule haukulia. Baadhi ya watu walishaanza kupiga makofi, mikono ikawaganda hewani. Kapteni akaenda kuchungulia. Kati ya zile nyasi zilizochanwa vizuri ulikuwepo mdomo mweusi, hauna kikombe, hauna bendera. Shimo la jana. Dada alikuwa ametoboa jipya, akahamisha kikombe, akahamisha bendera, halafu lile donge la kuzibia akaliweka kwenye toroli na kuondoka nalo.

Daktari wa Meno alijaribu kujizuia, nilimwona anavyouma midomo. Ikashindikana.

"Jino limetoboka, Kapteni," akasema. "Nikuzibie?"

Veranda nzima ikalipuka. Wageni walicheka, wake zao wakacheka, hata mpiga picha aliinamia mashine yake, mabega yanamruka. Sheria zao zinamruhusu mtu katika hali ile auokote mpira, auweke kando, apige tena. Kapteni aliuweka. Akapiga, akakosa. Akapiga, akakosa tena. Daktari wa Meno alichukua kombe huku akifuta machozi ya kicheko.

Barua ambayo miaka tisa ilikosa mtu wa kuiandika, nenda rudi, njoo kesho! Hii nyingine waliiandika kwa saa moja. Katibu alinikabidhi mimi niipeleke. Kaimu amesimamishwa kazi kwa uzembe, na asikanyage nyasi mpaka kamati itakapokaa. Asikanyage nyasi. Niliisoma mara tatu pale koridoni.

Nilimkuta dada uani kwetu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, donge liko mapajani. Aliligundua kwenye toroli, lakini wakati huo kelele zilikuwa zimeshaanza. Aliisoma barua, akaikunja mara nne.

"Umewatia adabu, dada!" nikamwambia. "Jikoni wote wanakushangilia. Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba ulikusudia."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza na hajapendezwa.

"Miaka ishirini na sita sijaacha shimo wazi. Siku ya kumzika shemeji yako nilikwenda kuziba kwanza ndipo nikaja msibani. Leo unawaambia watu nimefanya kusudi, kama mtoto anayemwaga uji?"

"Ukisema ulisahau watasema hufai! Si ndicho wanachokitafuta?"

"Nilisahau."

"Ulisahau vipi, wewe?"

Kidole chake kilikuwa kinachezea nyasi za lile donge, ambazo zilikuwa bado mbichi.

"Nilikuwa naandika sahihi," akasema. "Kichwani. Ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma unapita chini ya jina. Nilipomaliza mkia nikajikuta niko bandani."

Nilikuwa nimeshaandika kurasa sita za utetezi. Zilianza na baba na zilikuwa zinaelekea mbali. Zilikuwa na maneno mazito, na mgomo, na mabango, na siku ya maandamano. Sasa nilikuwa na mwanamke aliyeota ndoto ya sahihi akiwa macho, na hakuna bango la hilo.

"Rudi jikoni ukaseme ukweli," dada akasema. "Wewe na hasira zako, siku moja utaniokoa mpaka nife."

Nilirudi. Nilisimama kati ya masufuria, nikasema, "Alisahau." Mpishi Mkuu akaweka mwiko chini, akanikodolea macho.

"Wakili," akasema, "hilo ndilo neno fupi kuliko yote uliyowahi kutamka humu ndani."

Jioni ile, jua bado liko juu ya mapaa, alikuja Ngurumo. Huyu alikuwa dereva wa mashine kubwa ya kukatia nyasi, na injini ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo maisha yake yote alizungumza kama yuko ng'ambo ya mto.

"SHIKAMOO DADA!"

"Marahaba. Usinibomolee ukuta."

"Wamenipa mimi kazi ya mashimo. Kesho nitoboe wapi? Mimi najua kukata, sijui kuchagua."

"Karatasi umepewa?"

Ngurumo akaitoa ndani ya kofia. Dada hakuigusa.

"Inasemaje?"

"Ina nukta."

"Basi toboa kwenye nukta."

"Zote?"

"Zote kumi na nane. Imepigwa sahihi, au haijapigwa? Mimi nimekatazwa kukanyaga nyasi. Wewe hukukatazwa kutii."

Ngurumo aliisogeza karatasi usoni, akaigeuza, akaigeuza tena. "Lakini dada, hii ya nne iko kwenye mteremko. Mpira utakaa?"

"Mimi najuaje? Si mwenye kalamu ndiye anayejua?"

Ndipo nikamwona dada anatabasamu, kidogo tu, pembeni.

"Huu ni mgomo?" nikamuuliza dada kwa furaha, Ngurumo alipoondoka.

"Mgomo gani? Huu ni utii. Nenda kalale."

Siku nane zilizofuata zilikuwa kama ndoto ya mtu mwenye homa ndogo, ile isiyouma. Kwenye zulia la nne wazee waliovaa nyeupe walipanda na kushuka mteremko mmoja asubuhi nzima. Mpira ulikwenda mpaka mdomoni mwa shimo, ukasimama, ukafikiri, ukageuka na kurudi polepole mpaka kwenye viatu vya aliyeupiga. Anaupiga tena. Unarudi tena. Baada ya muda hawakugombana nao, walikuwa wanaupokea tu. Mama mmoja, mke wa hakimu, aliketi kwenye nyasi, akavua viatu, akasema anangoja mchezo uishe wenyewe. Kwenye la kumi na moja nukta iliangukia bondeni ambako maji ya mvua hutuama, na bendera ikasimama katikati ya kidimbwi pamoja na mwenzake aliyepinduka kichwa chini ndani ya maji. Kutoka dirishani kwangu sikuwa nasikia sauti zao. Niliona watu waliovaa nyeupe kwa mbali wakizunguka taratibu juu ya kijani, kila mmoja akitafuta kitu ambacho jana kilikuwepo.

Siku ya tano bendera ya sita ilikutwa chini ya ua wa miiba. Kapteni alipanda verandani uso umemwiva, akamwita Ngurumo. Ngurumo akavua kofia, akatoa karatasi.

"SAHIHI YAKO HII, BWANA?"

Veranda nzima ilisikia. Nadhani na mji ulisikia.

"Ni yangu, lakini—"

"HAPA KUNA NUKTA MBILI. MOJA YA KALAMU NA MOJA YA MCHUZI. YA MCHUZI NDIYO KUBWA, NIKAJUA HIYO NDIYO UMEIPANIA."

Usiniulize nilikuwa wapi. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeuma kitambaa cha meza.

Jambo moja la siku hizo sikulisimulia jikoni. Asubuhi ya saba nilimkuta Kapteni uwanjani peke yake, ukungu haujainuka. Alikuwa amevaa viatu vyake vya misumari, karatasi mkononi, amesimama katikati ya zulia la kumi na nane akiangalia chini. Alikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa anasubiri kuambiwa kitu. Umande ulikuwa umemlowanisha suruali mpaka magotini, na nyasi zilinyamaza. Ningeweza kumwonea huruma, lakini kumbukumbu yangu haina mlango wa upande huo.

Siku ya tisa Katibu alikuja kwetu. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyezoea kuomba radhi kwa niaba ya wengine. Tulimpa kiti kizima, sisi tukakaa kwenye benchi.

"Mama, kamati imekaa, imekusamehe," akasema, akitoa barua mfuko wa kushoto. "Kesho urudi kazini."

"Nirudi kama nani?"

"Si kama... kama kawaida."

"Kaimu mmemsimamisha. Mkimhitaji huyo mtafuteni. Mimi hapa ni mama wa nyumbani, naanika nguo."

Katibu alikohoa, akarudisha ile barua mfuko wa kushoto, akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa nyingine. Barua mbili! Alikuja nazo zote mbili mwilini, ajaribu ndogo kwanza aone kama itapita. Nikainuka. Dada akanishika koti bila kuniangalia, nikakaa.

Aliisoma kwa sauti, neno moja moja, kama anavuka maji kwa kukanyaga mawe. Mkuu wa Viwanja. Hakuna kaimu popote. Alirudi mwanzo akaisoma tena kuhakikisha.

"Tarehe hii ni ya leo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kazi hii nimeianza miaka tisa iliyopita. Iandike ya siku ile."

"Kompyuta haikubali kurudi nyuma."

"Kompyuta, au Kapteni?"

Katibu alitazama viatu vyake.

"Na jambo la pili," dada akaendelea. "Nukta zikome. Kuanzia kesho hakuna karatasi. Shimo naliweka mimi, na anayeuliza anaambiwa nimeliweka mimi."

"Mama, nikwambie ukweli." Katibu alishusha sauti kama kuna mtu nje. "Nimeruhusiwa kukubali ombi moja. Nikirudi na mawili watasema tumekushindwa, watatafuta mtu wa nje, hata asiyejua. Chagua."

"Tarehe!" nikapiga kelele. "Dada, chukua tarehe! Miaka tisa ni yako, walikuibia, iandikwe, waisome watoto wao! Nukta si ulikuwa unazitia mfukoni? Utaendelea kuzitia mfukoni!"

Aliangalia nyayo zake. Nguo kwenye kamba zilikuwa zinajaa upepo na kulegea.

"Ndiyo maana," akasema. "Nimechoka kuzitia mfukoni."

"Lakini dada—"

"Ile miaka nimeshaitembea, mdogo wangu. Sitaki kutembea mingine hivyo." Akamgeukia Katibu. "Nukta."

Akapewa kalamu. Aliandika jina lake herufi moja moja, wima, kama kwenye daftari la shule. Mkia haukuwepo. Sikumuuliza.

Wiki nzima sikumsemesha. Nilimpitishia chumvi mezani kimya kama mfungwa. Nilikuwa na hesabu yangu ya miaka na yeye alikuwa ameisamehe bila kuniuliza, na hasira ambayo siku zote ilijua njia ya kwenda klabu sasa ilikuwa inazunguka nyumbani haijui ilale wapi. Yeye hakujali. Aliondoka alfajiri, mimi nikimfuata nyuma hatua ishirini kuonyesha kuwa nimenuna.

Walimpa ofisi, nadhani kwa kutegemea kwamba atakaa humo. Hakuacha chuma chake. Alfajiri alikuwa kwenye mazulia kama zamani, na Ngurumo alimfuata viatu mkononi, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akifundishwa kusimama. Mchana ndiyo zikaja karatasi za ofisini, mbolea, mabomba, likizo za watu. Mwili haukuwa tayari kwa kazi mbili.

Siku moja saa nane mchana nilipeleka chai, nikamkuta amelala. Kichwa kimeegemea kioo cha dirisha, mdomo wazi kidogo, miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi. Nilisimama na sinia langu nikishangaa. Sijawahi kumwona dada yangu akilala mahali pa kazi. Baba hakuwahi. Mimi mwenyewe, miaka yote ile, sijawahi hata kuketi. Nje mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yanazunguka polepole, na kila yalipopita dirishani mwanga ulitembea usoni mwake, ukaondoka, ukarudi.

Nikasikia hatua koridoni, nikatoka na kurudishia mlango. Kapteni, kofia mkononi.

"Mkuu yupo?"

Alisema Mkuu. Nilisikia vizuri.

"Yupo."

"Nina jambo dogo tu, kuhusu zulia la tatu. Kesho nina wageni, nilitaka kumwomba..." Akanyoosha mkono kuelekea kitasa.

Nilikuwa na maneno ya mtu huyu. Nilikuwa nayo kwa miaka, yamepangwa kwa tarehe, kila moja na tai yake. Nilifungua mdomo yatoke, kisha nikasikia dada anavyopumua mle ndani, pumzi ndefu isiyo na deni na mtu, nikayaacha yalipokuwa.

"Amelala," nikasema kwa sauti ya chini. "Subiri."

Aliangalia saa yake. Akaniangalia mimi, nami sikuondoka mlangoni. Koridoni hapakuwa na kiti. Kapteni akaegemea ukuta, akaibana kofia kifuani. Chai ikaanza kupoa kwenye sinia, na sisi wawili tukasimama pale tukimsikiliza Mkuu wa Viwanja akikoroma.